Viwanda vya Chipu: Nani Anayepima Moshi?

Mashindano ya mataifa makubwa juu ya viwanda vya chipu yameendelea kwa miaka kadhaa sasa, na karibu kila linalosemwa juu yake husemwa kwa hesabu ya fedha. Mwezi Agosti 2022 Marekani ilipitisha sheria iliyotenga dola bilioni 52.7 kwa ajili ya viwanda hivyo na utafiti wake. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ukafuata kwa mpango uliotajwa kuwa wa thamani ya euro bilioni 43. Japani, Korea ya Kusini na Uchina nazo hazikubaki nyuma. Katika hotuba zote hizo husikika sifa za mashine zinazochora mistari myembamba kupita unywele, na husikika idadi ya ajira zitakazopatikana. Isiyosikika ni habari ya orofa ya chini ya kiwanda, ambako ndiko hewa inakovutwa nje na ndiko sumu inakopitia.

Makala haya yanakusudia kushuka huko chini. Tunafanya hivyo si kwa kupenda mambo ya mafundi, bali kwa sababu jirani zetu wa Kenya wamekwisha tia mguu katika shughuli hii huko Nyeri, na hapana shaka nchi nyingine za eneo letu zitaombwa, au zenyewe zitaomba, kutia mguu pia. Mwenye kukaribisha kiwanda hana budi ajue ni nini kitakachotoka katika bomba lake.

Kwanza tukumbushane chipu ni nini. Ni kipande cha silikoni, aghalabu kidogo kuliko ukucha, ambacho juu yake zimejengwa swichi za umeme kwa mamilioni na hata mabilioni. Silikoni ni ya jamii ya vitu viitwavyo semikondakta, yaani vinavyopitisha umeme kwa kiasi. Na ikitiwa chembe chache za fosforasi, aseniki au boroni, huweza kuamriwa ama kupitisha ama kuzuia. Vipande hivi hutengenezwa vingi kwa pamoja juu ya kisahani cha silikoni ambacho katika viwanda vya kisasa kina upana wa milimita 300. Kisahani huingizwa ndani ya chemba ya chuma, hewa yote ikavutwa nje, kisha gesi maalumu ikaachiwa ndani kidogo kidogo. Gesi nyingine hutandika tabaka jembamba juu ya kisahani. Nyingine huchonga na kuondoa pasipotakiwa. Kutandika na kuchonga huku hurudiwa mara nyingi mno, kwa majuma, mpaka chipu ikamilike.

Uwazi huo usio na hewa ndio unaoitwa ombwe, na bila ombwe hakuna chipu. Katika chemba ya kuchonga, kani ya hewa iliyobaki huweza kuwa sehemu moja tu ya laki moja ya kani ya hewa tunayoivuta. Chembe moja ya vumbi, au mvuke kidogo wa maji, hutosha kuharibu kazi.

Ujuzi wa kutengeneza ombwe ni wa kale. Otto von Guericke, Mjerumani aliyekuwa meya wa mji wa Magdeburg, na ambaye kabla ya hapo aliwahi kuwa mhandisi katika jeshi la Wasweden, ndiye aliyeunda pampu ya kwanza ya kufaa. Mwaka 1657 aliyaunganisha mabakuli mawili ya shaba, akavuta hewa iliyokuwa ndani, kisha akafunga farasi 16, nane kila upande, wakajaribu kuyatenganisha. Wanaosimulia kisa hiki hupenda kuwataja farasi na kumsahau mtu wa pampu, ambaye ndiye aliyefanya kazi.

Pampu za leo haziko mbali na asili yake kama mtu anavyoweza kudhani. Ndani ya nyingi mna mapanga mawili yanayozunguka yakipishana bila kugusana, kwa mtindo uliobuniwa huko Marekani na ndugu wawili wa ukoo wa Roots, katikati ya karne ya 19, muda mrefu kabla ya chipu kufikiriwa. Panapohitajika ombwe kali zaidi huwekwa pampu ya pili, yenye safu za mapanga membamba kama ya feni, ambayo huzunguka mara makumi ya maelfu kwa dakika na kuzipiga chembe za gesi moja moja kuelekea nje. Hiyo ni kazi ya Willi Becker wa kampuni ya Pfeiffer ya Ujerumani, na iliingia sokoni mwaka 1958.

Badiliko kubwa lililoviwezesha viwanda vya chipu kuwa kama vilivyo leo lilikuwa ni kuondoa mafuta. Pampu za zamani zilizibwa kwa mafuta, na mafuta hayo yalikuwa na kasoro mbili. Mvuke wake ulirudi nyuma na kuchafua visahani. Na gesi kali zilizovutwa ziliyeyuka ndani yake, zikayageuza kuwa tope lenye asidi, ambalo fundi alilazimika kulibadilisha kwa mikono yake. Katika miaka ya 1980 kampuni ya Edwards ya Uingereza ilileta sokoni pampu kavu, isiyo na tone la mafuta mahali gesi inapopita. Kiwanda kikubwa cha leo kina pampu za namna hiyo kwa mamia, na hata maelfu, zikinguruma usiku na mchana chini ya sakafu ya chumba kile cheupe tunachoonyeshwa katika picha. Moja ikisimama ghafla, visahani vilivyokuwa ndani ya chemba huweza kupotea vyote.

Kampuni zinazotengeneza pampu hizi zinahesabika kwa vidole: Edwards, iliyonunuliwa na Atlas Copco ya Sweden mwaka 2014, Pfeiffer na Busch za Ujerumani, Ebara na Kashiyama za Japani, na nyingine chache. Nchi inayojivunia kiwanda chake cha chipu, kwa hiyo, inategemea vipuri na mafundi kutoka katika nchi mbili tatu. Wachunguzi wa mambo ya usalama wamezoea kuandika juu ya mashine za kuchorea za Uholanzi. Kwa maoni yangu wangefaa pia kuuliza ni nani anayeshika ufunguo wa pampu.

Lakini pampu haiteketezi kitu. Inavuta gesi upande mmja na kuitema upande wa pili, na gesi inayotemwa ndiyo kiini cha habari yetu.

Katika gesi zinazotumika, ziko zinazoua kwa kuvutwa kidogo tu, kama fosfini na asini. Iko gesi iitwayo sileni, ambayo ni silikoni iliyofungamana na haidrojeni: ikikutana na hewa hujiwasha yenyewe bila kiberiti, na wakati mwingine huchelewa kuwaka, ikajikusanya, kisha ikalipuka. Ziko pia zinazogeuka unga ndani ya mabomba. Gesi za kutandika nitridi ya silikoni, kwa mfano, huacha chumvi ya amonia ambayo huganda penye ubaridi kama ukoko wa chungu, mpaka bomba likaziba. Ndiyo maana mabomba hayo huvikwa blanketi la umeme yawe ya moto wakati wote.

Hatari iliyo kubwa kuliko zote ni kukutana. Gesi zinazotumika kutandika ni za kuungua. Gesi zinazotumika kusafisha chemba ni za kuunguza, kwa maana kwamba hufanya kazi ya oksijeni na hata kuishinda. Zote mbili hupita katika bomba moja, kwa zamu. Ikiwa vali haikufunga vema, au zamu zimeingiliana, mwako unapatikana ndani ya bomba lenyewe. Nilipokuwa kuruta katika chuo cha kadeti, sajini mwalimu wetu alitufundisha ghala la silaha kwa sentensi moja ambayo tuliikariri asubuhi na jioni: fataki hazilali chumba kimoja na baruti. Siku moja mwenzetu alisahau, akapitisha kreti mbili mlango mmoja, na kozi nzima tulizunguka uwanja tukiwa tumeinua bunduki juu ya kichwa mpaka jua likatua. Hakuna kilicholipuka. Lakini nilipoanza kusoma habari za mabomba ya viwanda hivi nilimkumbuka sajini yule, kwani mafundi wa chipu nao wana kanuni hiyo hiyo. Humimina naitrojeni nyingi ndani ya pampu ili kuzipunguza makali gesi zote mbili, na hutenga njia za mabomba kila inapowezekana.

Sasa tuitazame hiyo gesi ya kusafisha, maana ndipo penye hoja.

Chemba ya kutandika hutandikwa nayo pia. Tabaka linaloangukia kisahani huangukia kuta vilevile, na lisipoondolewa hubanduka na kuanguka kama chokaa ya dari mbovu. Kitu kinachokula tabaka hilo bila kula chuma sana ni florini. Lakini florini tupu ni hatari kubwa kuisafirisha, hivyo viwanda viliizoea iliyofungamana na kaboni: gesi za jamii ya CF4 na C2F6. Gesi hizi hazina harufu, haziwaki, hazimuumizi mfanyakazi. Zilionekana kuwa salama kabisa.

Usalama wake ndio kasoro yake. Kwa kuwa hazivunjiki kwa urahisi, sehemu kubwa iliyoingia chemba ilitoka kama ilivyoingia. Mwongozo wa mwaka 2006 wa jopo la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia mabadiliko ya hali ya hewa uliwaambia wahasibu wa nchi wachukulie kwamba katika kazi hiyo ya kusafisha, C2F6 hutoka asilimia 60, na CF4 asilimia 90. Zikifika angani hudumu: CF4 hukadiriwa kuishi miaka 50,000. Tani moja yake, kwa hesabu ya miaka mia, huzuia joto la dunia kiasi cha tani zaidi ya 7,000 za gesi ya kaboni inayotoka katika moshi wa magari. C2F6 ni kali kuliko hiyo.

Watengenezaji hawakukaa kimya, na yafaa wapewe haki yao. Mwaka 1999 baraza la dunia la viwanda vya semikondakta, wakati huo likiwa na wanachama kutoka Marekani, Japani, Ulaya, Korea na Taiwan, liliahidi kupunguza gesi hizo kwa asilimia 10 chini ya kiwango kilichokuwapo katikati ya miaka ya 1990, ifikapo mwaka 2010. Hawakulazimishwa na serikali yoyote. Mwisho wa muda huo walitangaza kwamba wamepunguza kwa asilimia 32. Ni viwanda vichache duniani vilivyowahi kufanya hivyo kwa hiari.

Dawa yao kubwa ilikuwa gesi nyingine: nitrojeni trifloridi, au NF3. Hii huvunjwavunjwa kwa umeme kabla ya kuingia chemba, na huvunjika karibu yote. Mwongozo ule ule wa 2006 uliikadiria kuwa inayotoka nzima ni asilimia 2 tu. Kutoka asilimia 60 hadi asilimia 2 ni ushindi usio na shaka. Viwanda vya chipu viliikimbilia, na baada yao viwanda vya vioo vya televisheni bapa, ambavyo chemba zake ni kubwa kama chumba cha kulala na zinakula gesi kwa wingi zaidi.

Palikuwa na jambo moja dogo. NF3 yenyewe, ikitoroka, huzuia joto kuliko zile ilizozirithi: tani moja ni sawa na zaidi ya tani 17,000 za gesi ya kaboni, na hukaa angani kwa zaidi ya miaka 500. Nayo haikuwamo katika Mkataba wa Kyoto. Wakati mkataba huo unaandikwa mwaka 1997, gesi sita au jamii za gesi ziliorodheshwa, na NF3 iliachwa kwa kuwa ilitumika kidogo. Kwa hiyo kiwanda kilichoacha C2F6 na kushika NF3 kilipungua katika daftari hata kabla ya kupimwa.

Mwaka 2008 mambo mawili yalitokea yakifuatana. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha California mjini Irvine waliandika kuonya kwamba gesi hii imesahauliwa. Kisha watafiti wa taasisi ya Scripps, katika jimbo hilo hilo, wakafanya jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifanya: wakaipima angani. Walichukua sampuli za hewa zilizohifadhiwa tangu mwaka 1978 na kuzilinganisha na hewa mpya. Makadirio ya awali yalisema kwamba mwaka 2006 angani palikuwa na NF3 pungufu ya tani 1,200. Vipimo vilionyesha tani 4,200. Mwaka 2008 zilikuwa zimefika tani 5,400, na zilikuwa zikiongezeka kwa asilimia 11 kila mwaka. Waliotoa hesabu hiyo walikisia kwamba tani 620 hivi zinatoroka kwa mwaka, yaani karibu asilimia 16 ya gesi yote iliyodhaniwa kutengenezwa duniani.

Asilimia 2 ilikuwa ya karatasi. Asilimia 16 ilikuwa ya hewa.

Tuwe wakweli, maana jambo likitiwa chumvi hupoteza nguvu. Tani 620 za NF3 kwa mwaka hazikufika hata sehemu moja ya elfu ya madhara ya moshi wote wa kaboni uliotolewa na wanadamu mwaka huo. Si gesi hii iliyovuruga misimu ya mvua. Wala haikuthibitishwa kwamba kuna kampuni iliyodanganya. Makadirio yalihesabu kile kinachotoka katika chemba iliyo nzima, yenye pampu nzima, na fundi makini. Hayakuhesabu kinachovuja kiwandani gesi inakotengenezwa, wala kinachobaki katika mitungi inaporudishwa, wala mitambo ya kusafishia moshi ambayo imezimwa kwa matengenezo huku kazi ikiendelea.

Mimi kazi yangu ni kutoa taarifa za jeshi kwa wananchi. Naijua karatasi inayoandikwa na yule yule anayeelezwa ndani yake. Si lazima iwe na uongo. Mara nyingi haina. Ila kila neno lake limechaguliwa na mtu ambaye angependa mambo yawe kama alivyoyaandika, na kile ambacho hakikuulizwa hakimo. Ndiyo maana majeshi huweka wakaguzi wasio wa kikosi kinachokaguliwa.

Baada ya vipimo vya 2008 dunia ilisogea, kwa mwendo wake. Mkutano wa Doha wa Desemba 2012 uliiongeza NF3 katika orodha ya Kyoto. Marekebisho hayo yalihitaji kuridhiwa na nchi 144, na yakapata nguvu ya sheria tarehe 31 Desemba 2020, siku ile ile ambayo kipindi yalichokihusu kilikuwa kinakwisha. Msomaji atajionea mwenyewe thamani ya tarehe hiyo.

Nayo ahadi ya hiari ilifanywa upya mwaka 2011, safari hii kwa kipimo kingine. Badala ya kuahidi kupunguza jumla ya gesi, watengenezaji waliahidi kupunguza kwa asilimia 30, ifikapo 2020, kiasi kinachotoka kwa kila sentimita ya mraba ya silikoni. Kipimo hiki kina haki yake, kwani kinamtofautisha mwenye kiwanda bora na mwenye kiwanda kibovu. Lakini anga haihesabu kwa sentimita. Ukipunguza theluthi moja kwa kila kisahani, kisha ukatengeneza visahani mara mbili, moshi wako umezidi na ahadi yako imetimia. Kwa mabilioni yaliyotajwa mwanzoni mwa makala haya, visahani havitapungua.

Florini ina sura nyingine pia, ambayo haingoji miaka mia. Tarehe 27 Septemba 2012, katika mji wa Gumi, Korea ya Kusini, haidrojeni floridi ilivuja wakati wafanyakazi wa kiwanda kimoja cha kemikali walipokuwa wakiihamisha kutoka katika tangi la lori. Ni asidi ambayo mvuke wake hupenya ngozi na kuchoma mapafu, na viwanda vya chipu huitumia kuoshea visahani. Watu watano walikufa. Wanavijiji wa karibu walihamishwa, mazao yakanyauka mashambani, mifugo ikaugua, na watu kwa maelfu wakaenda hospitali. Tarehe 8 Oktoba serikali ililitangaza eneo hilo kuwa la maafa. Miezi michache baadaye, Januari 2013, asidi hiyo hiyo ikavuja katika kiwanda cha chipu huko Hwaseong na kumwua mfanyakazi mmoja.

Asidi hiyo ndiyo iliyokuja kuwa silaha ya biashara. Mwezi Julai 2019, katika ugomvi uliohusu madai ya Wakorea waliofanyishwa kazi kwa nguvu wakati wa vita vikuu, Japani ilibana uuzaji wa bidhaa tatu kwa Korea ya Kusini, na haidrojeni floridi safi ilikuwa mojawapo. Jitu la chipu duniani liligundua kwamba linaweza kushikwa koo kwa mitungi ya asidi. Vizuizi hivyo viliondolewa Machi 2023.

Je, florini hiyo yote hutoka wapi? Hutoka katika jiwe liitwalo floraspa, na hapa habari inarudi nyumbani. Huko Kimwarer, katika Bonde la Kerio nchini Kenya, jiwe hilo lilichimbwa tangu miaka ya 1970, likasagwa, likapakiwa Mombasa na kupelekwa ng'ambo kutengenezewa asidi. Mgodi ulisimamisha kazi mwaka 2016. Wakazi wa huko walibaki na mashimo, na madai ya fidia ya ardhi yaliyokuwa yamedumu kwa miongo. Jirani yetu mwingine, Tanzania, ana lake: mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham walitangaza kuwapo kwa gesi ya heliamu katika bonde la Rukwa, gesi ambayo, pamoja na kazi nyingine, ndiyo fundi wa ombwe anayoitumia kutafutia tundu. Hupuliza heliamu nje ya chemba, na kifaa chake kikiinusa ndani, anajua kwamba chuma kimevuja.

Twende sasa kwenye mtambo wenyewe wa kusafisha moshi, kwa kuwa dawa ipo na inajulikana. Ule unaotumika sana hufanya kazi kwa moto na maji. Gesi zikitoka katika pampu huingizwa katika tanuri dogo, zikaunguzwa kwa mwali wenye joto la zaidi ya nyuzi elfu moja. Sileni hugeuka kuwa mchanga mweupe laini. NF3 huvunjika kwa urahisi. CF4 ndiyo sugu, huhitaji joto kali kuliko zote. Florini inayoachiliwa huungana na haidrojeni kuwa asidi ile ile ya Gumi, ikanyeshewa maji na kuyeyuka. Maji hayo hutiwa chokaa, na kinachotuama chini ni tope jeupe la kalsiamu na florini. Kwa lugha ya kemia, tope hilo ni floraspa. Jiwe lililotoka bondeni limezunguka dunia, likapita katika chemba, likarudi kuwa jiwe.

Mtambo huu hugharimu fedha kuununua, hula gesi ya kuwashia, hula maji mengi, na hauongezi hata chipu moja. Meneja aliyebanwa na hesabu hana sababu ya kuupenda. Viwanda vingi vya zamani viliufunga katika baadhi tu ya mashine zao. Tena mtambo ukipuuzwa, taka ya anga hugeuka kuwa taka ya maji. Na watu wa Bonde la Ufa hawahitaji kufundishwa florini katika maji ni nini. Wamewaona watoto wa Arusha na Nakuru wenye meno ya kahawia, na wazee ambao mifupa yao imekakamaa, kwa maji ya visima ambayo hakuna kiwanda kilichoyagusa. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 kwa lita. Maeneo mengi ya bonde hilo yamekwisha kuuvuka kwa maumbile tu.

Huko Nyeri, katika eneo la Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, kampuni ya Semiconductor Technologies imejenga kiwanda kidogo, na mwezi Mei 2024 Marekani ilitangaza nia ya kushirikiana na Kenya kwa kutumia fungu la fedha lililotokana na ile sheria ya 2022. Ni jambo la kupongezwa. Vijana wetu wa uhandisi wana haki ya kufanya kazi hii kama vijana wa Korea, na hapana haja ya kuogopa chipu. Kiwanda kidogo pia hutoa moshi mdogo, na wakati wa kuweka utaratibu ni huo, kabla ya mwekezaji mkubwa kuja na wanasheria wake na kutaja idadi ya ajira.

Utaratibu wenyewe si mgumu kuutaja. Kila pampu inayovuta gesi ya florini iwe na mtambo wake wa kusafisha, na mtambo ukisimama, mashine isimame nayo. Vifaa vya kufunganisha hivyo viwili vipo sokoni. Mitungi ihesabiwe inapoingia na inaporudi, na kilichobaki ndani kipimwe. Kijito kinachopita nyuma ya kiwanda kipimwe florini kabla ya ujenzi kuanza, ili pasiwepo ubishi baadaye juu ya kilichokuwamo. Wazima moto wa wilaya wafundishwe sileni, ambayo huachwa iungue hadi mtungi ufungwe, kwani moto ukizimwa huku gesi ikiendelea kutoka, hujikusanya na kulipuka. Na maombi ya kibali yatakapofika mezani, karatasi ya kwanza ya kudaiwa iwe ile inayoonyesha kifaa cha kupimia katika mdomo wa bomba, pamoja na jina la ofisi itakayokisoma, na mahali ofisi hiyo inakopata mshahara wake.